Nyani Mabega na Jiwe la Kuotea Jua

Hadithi, hadithi!

— Ije, tumekaa mkao wa kusikia!

Ije na nini?

— Ije na utamu wake, chumvi tunayo!

Haya, sogeeni. Mwenye baridi akae katikati, mwenye usingizi asiegemee mlango, na anayetafuna karanga atafune taratibu ili na mimi nijisikie. Nawapeleka zamani, zamani zile wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi na kuulizana habari, na aliyeulizwa akajibu kweli tupu. Kama mgongo ulimuuma, alisema mgongo unauma.

Basi palikuwa na pimbi.

Pimbi mnamjua? Kamnyama kanono ka mawe mawe, utadhani sungura aliyenyimwa masikio. Mkia hana, mbio hana, ngozi ya kujivunia hana. Siku hizi watu wakitaka kumtukana mtu mfupi humwita pimbi. Wanamwonea bure. Huyu ninayemsema aliitwa Nyamizi, na mkisha kumsikia mtaona haya kumwita mtu hivyo tena.

Nyamizi aliishi juu ya kilima cha mawe pamoja na mumewe Lugendo, na mama mkwe wake Bibi Kabula, na watoto wao: mapacha Kulwa na Dotto, na Shija aliyezaliwa nyuma yao. Nyumba yao ilikuwa ufa kati ya majabali mawili. Mbele ya mlango palikuwa na jiwe bapa, pana kama mkeka, limeelekea kabisa upande jua linakochomoza.

Sasa, pimbi ana shida moja kubwa, nayo ni baridi. Damu ya pimbi haijipashi moto yenyewe. Asipoota jua asubuhi, miguu inamgomea, tumbo linamgomea, hata ulimi unamgomea. Kwa hiyo kila siku, jua likichungulia tu, mlango wa Nyamizi ulisikika pa-pa-pa-pa. Anatoka Bibi Kabula, anakaa katikati. Anatoka Lugendo, anakaa upande wa upepo. Wanatoka mapacha, wanagombania mapaja ya Bibi. Anatoka Shija, anampanda mama yake mgongoni. Wanabanana juu ya jiwe kama maandazi kwenye sinia, kimya, macho wamefumba, wanangoja jua liwaingie.

Likiwaingia, ndipo vituko vinaanza. Tumbo la Bibi Kabula linanguruma, ngruuu! Dotto anacheka, kwi! Kulwa anamcheka Dotto, kwi kwi! Lugendo anajizuia, anajizuia, kisha anapasuka, kwa kwa kwa! Na Bibi mwenyewe, aliyekuwa amekasirika, anacheka mpaka anajifuta machozi. Kilima kizima kinacheka.

Na Nyamizi? Niwaambie ukweli. Nyamizi aliota jua huku akiwaza majani ya mchana. Aliota jua huku akiwaza kikohozi cha Shija, na vumbi la mlangoni, na mwewe aliyekuwa akizungukazunguka juu. Kinywa chake kilikuwa na kazi moja: "Shija, usinikanyage! Kulwa, punguza kelele! Mama, sogea kidogo unanibana!" Kwake ile ilikuwa asubuhi tu. Imekuja, itapita, kesho ipo nyingine.

Huko chini, ukingoni mwa msitu, aliishi Nyani mmoja dume. Jina lake Mabega, na ukimwona huulizi kwa nini. Nyani Mabega alikuwa na magunia ya mahindi, magunia ya karanga, na kibuyu cha asali kilichojaa hadi shingoni. Vyote alivipata kwa njia moja. Alimfuata mwenye nacho, akatunisha mabega, akasema, "Nipe." Akapewa.

Lakini alikula peke yake, mgongo ukutani, macho mlangoni. Alipokula mahindi alimtazama ndege anayekula mtama, akautaka mtama. Alipokula mtama alimtazama nguruwe anayekula viazi, akavitaka viazi. Hakumaliza chakula hata siku moja bila kukasirika.

Asubuhi moja alikuwa akilamba asali. Akasikia huko juu: kwi! Kwi kwi! Kwa kwa kwa!

Asali ikamgeukia mdomoni ikawa kama maji ya kuoshea vyombo.

"Wana nini hao?" akasema. "Kila siku wanacheka. Wana kitu, na mimi sina."

Akapanda kilima. Nyaka, nyaka, nyaka! Akatokea juu ya jiwe, jua likazibwa na mabega yake, na vicheko vikakatika.

Lugendo akainuka haraka. "Shikamoo, Mzee Mabega. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kuuliza. Mna nini hapa?"

"Tuna jua!" akasema Kulwa.

"Tuna jiwe!" akasema Dotto.

"Tuna Bibi!" akasema Shija, na akamshika Bibi mkono.

Nyani akajikuna kichwa. Jua hakuliona pa kulishika. Akamtazama Bibi Kabula kuanzia juu mpaka chini, Bibi naye akamtazama vilevile.

"Bibi bakini naye," akasema Nyani. "Mimi nachukua jiwe."

"Jiwe lina wenyewe," akasema Bibi Kabula.

"Lilikuwa nao."

Akainua mkono wake mrefu, akafagia. Pu! akaenda Kulwa. Pu! akaenda Dotto. Lugendo akamrukia amng'ate. Nyani akamshika mguu, akamrusha kama ganda la muwa. Nyamizi alimkumbatia Shija kwa mkono mmoja na mama mkwe kwa mkono wa pili, wakabingirika wote watatu, biri-biri-biri, mpaka bondeni kabisa.

Huko bondeni palikuwa na mto, na kando ya mto mkuyu mkubwa, na chini ya mizizi ya mkuyu shimo lililoachwa na kenge. Wakaingia humo. Lilikuwa shimo la matope, linanuka kenge bado. Jua lilifika huko limechelewa, limechanwachanwa na majani, likawaangukia vipande vidogo vya kugombania. Juu ya vichwa vyao maji yalidondoka: tii… tii… tii…

Wakakaa humo. Lugendo alichechemea. Watoto walikohoa. Hakuna aliyecheka.

Jioni, wakiwa wamejikunyata, Shija aliuliza, "Mama, jiwe letu bado lipo?"

"Lipo, mwanangu."

"Na wale sisimizi waliokuwa wakipita pembeni yake, wameshika mstari vilevile?"

"Wapo."

Kisha Dotto akasema, "Mimi nakumbuka harufu ya mkole wetu, ule mti wa pembeni ya jiwe, mvua ikiisha kunyesha."

"Mimi nakumbuka yule njiwa," akasema Kulwa, "anayesema *kuku-kuu, kuku-kuu*, halafu anasahau maneno."

"Mimi nakumbuka Mama alivyokuwa akikoroma," akasema Lugendo, akimtazama Bibi Kabula. "Nilikuwa nikiziba masikio. Sasa hata kukoroma hakoromi, nalala usiku nashtuka."

Bibi Kabula akajikunja kwenye tope. "Mimi nililalamika kila siku kwamba lile jiwe likipata moto linanichoma makalio," akasema. "Laiti lingenichoma leo."

Wakamgeukia Nyamizi. Zamu ilikuwa yake. Akajaribu kukumbuka asubuhi moja, moja tu, tangu mwanzo mpaka mwisho, akakuta hana. Aliyakumbuka majani ya mchana. Alimkumbuka mwewe. Alikumbuka sauti yake mwenyewe ikisema, "Sogeeni, mnanibana!" Na hapo kwenye lile shimo lenye nafasi tele, Nyamizi aliona kifua kimemjaa.

"Mimi nakumbuka nilivyobanwa," akasema.

Siku zikaenda. Baridi ya bondeni ikamwingia Bibi Kabula kwenye viungo. Kwanza aliacha kutembea. Kisha akaacha kugombana. Nyamizi alimsugua nyayo kwa majani makavu, asubuhi na jioni, na Bibi akasema, "Usijichoshe, mkwe wangu. Hiyo miguu si yangu tena, ni ya mtu mwingine kaniachia." Hata kole, matunda ya mkole, walizomtafutia, zile nyekundu zilizoiva alizokuwa akizipenda, alizishika tu mkononi, akawapa wajukuu.

Lugendo akamwita mkewe nje. "Mama hatafika mwisho wa masika haya," akasema, na akageuza uso.

Asubuhi iliyofuata Nyamizi alitoka kuchuma majani. Akainua macho juu. Lile jiwe lao lilikuwa likiwaka jua, linang'aa kama samli kwenye kikaango, na katikati doa jeusi: Nyani Mabega amekaa. Nyamizi akalia. Akalia kidogo tu, kwa kuwa majani yalikuwa yakimngoja.

Jioni akarudi mtoni kuteka maji. Akainua macho tena. Jiwe lao lilikuwa limezimika, jeusi, kilima kizima kimejifunika kivuli. Akageuka ashike njia. Akasimama. Upande wa pili wa bonde kulikuwa na kilima kingine, kilima cha miiba na mijusi ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisifia. Kilikuwa kinawaka! Kuanzia juu mpaka chini, kila jabali, kila mwiba, kama shaba iliyosuguliwa kwa majivu.

"Ehe," akasema Nyamizi.

Kesho yake asubuhi akatazama: kwao kunawaka, kule kweusi. Jioni akatazama: kule kunawaka, kwao kweusi. Aliyekaa kilimani haoni ila upande mmoja. Ni aliyetupwa bondeni anayeona pande zote mbili.

"Kwi!" akacheka Nyamizi, mara moja tu, akaziba kinywa.

Akamwambia mumewe, "Naenda kwa Nyani."

"Atakuua!"

"Nitakwenda jioni."

"Kwa nini jioni?"

"Kwa sababu nikienda asubuhi itabidi niseme uongo."

Jioni ikafika, Nyamizi akapanda. Miguu midogo, kilima kirefu, moyo unapiga ti! ti! ti! Akamkuta Nyani Mabega amekaa juu ya jiwe, amelipa bonde mgongo, anayachunga magunia yake aliyoyapanga mbele yake kwenye ukuta wa jabali. Uso ulikuwa umekunjamana kama kiatu kilichonyeshewa. Tangu alipolichukua lile jiwe hakucheka hata mara moja. Aliliamrisha, "Jiwe, nichekeshe!" Jiwe kimya. Alijitekenya kwapani, kwapa la kulia, kwapa la kushoto. Hakuna kitu. Aliwacheka wapita njia, lakini kicheko kile kilimtoka puani, hakikumfika tumboni.

Alipomwona Nyamizi alimnyaka shingoni, akamning'iniza hewani.

"Wezi wakubwa! Mmeondoka nacho!"

"Nini, Mzee?"

"Kile kitu! Nimekaa hapa, nimekaa, nimekaa, na sijacheka. Mmekificha wapi? Sema, au nikuachie uende bondeni kwa njia ya mkato!"

Nyamizi akatazama chini. Mto ulionekana kama uzi.

"Mzee Mabega, mimi na udogo wangu nikufiche wewe kitu? Wewe umetunyang'anya jiwe tu. Sisi hapa tulikuwa tunapata kidogo cha asubuhi, kinapita. Kama unataka kikubwa, mbona hujageuka ukatazama nyuma yako?"

Nyani akageuka.

Ng'ambo ya bonde kilima kilikuwa kikiwaka, shaba tupu, mwanga unamwagika kwenye mawe kama asali. Mkono wa Nyani ukalegea. Nyamizi akaanguka kwenye jiwe, puu.

"Kile… ni cha nani?" akauliza Nyani.

"Hakina mtu."

"Hakina mtu?" Kwa mlafi hakuna neno linaloumiza kama hilo. "Kilima kizima, hakina mtu, na mimi nimekaa hapa juu ya kijiwe? Akitokea mwingine akakichukua je?"

"Mimi sijui, Mzee. Mimi ni pimbi tu."

Nyani hakungoja. Gunia moja kichwani, gunia begani, gunia bega la pili, kibuyu cha asali shingoni, kwa maana kuacha kitu nyuma hakuweza. Akashuka akiimba:

*Kule kunawaka, huku kumefifia,*
*Nipisheni njia, Mabega naingia!*

Akashuka, nyaka nyaka. Akafika mtoni, chubwi! Gunia likapasuka, mahindi yakaenda na maji. Akapanda upande wa pili, parakacha parakacha, miiba ikamkwaruza, karanga zikamwagika. Alipofika juu giza lilikuwa limeshaingia, asione chochote. "Kimelala," akasema. "Nitakikamata asubuhi." Akalala juu ya magunia yake.

Nyamizi yeye alishuka mbio hadi shimoni. "Amkeni! Twendeni nyumbani!"

Lugendo, na kuchechemea kwake, akambeba mama yake mgongoni. Wakapanda taratibu, wakaingia kwenye ufa wao gizani, na kulala hawakulala.

Jua lilipochungulia, mlango ulisikika pa-pa-pa-pa. Wakamkalisha Bibi Kabula katikati, wakambana pande zote. Macho wakafumba. Wakangoja.

Jua likawagusa pua. Likawashika kifua. Likashuka tumboni. Nyamizi alisikia ubavu wa mama mkwe wake, mwembamba, umelazwa kwenye ubavu wake. Alisikia vidole vya Shija vikimkanyaga mgongoni, akamwacha amkanyage. Majani ya mchana yalimjia akilini, akayaambia yangoje. Alisikia jiwe likianza kupata joto chini yake, polepole, kama chungu kilichowekwa jikoni. Njiwa alisema *kuku-kuu, kuku-kuu*, kisha akasahau maneno.

Bibi Kabula akatikisa kidole gumba cha mguu. Akakitazama. Akakitikisa tena.

"Imerudi," akanong'ona. "Miguu yangu imerudi."

Kila mmoja alikuwa anajifuta macho akisingizia jua. Kisha tumbo la Bibi likanguruma, ngruuu! Dotto akasema kwi! Na ikawa vile inavyokuwa.

Lakini Nyamizi hakumsahau Nyani. Alijua kule ng'ambo muda huo anaamka mtu.

Naye aliamka. Akafumbua macho, akajikuta kwenye baridi na kivuli, ameteleza kwenye magunia na kulalia mwiba, mjusi anamtazama. Kilima cheusi tii! Akatazama ng'ambo. Kule alikotoka kunawaka kama samli, na vicheko vinasikika mpaka kwake.

"Pimbi!" akanguruma. Akabeba yaliyobaki, akashika njia akiimba ule ule wimbo wake:

*Kule kunawaka, huku kumefifia,*
*Nipisheni njia, Mabega naingia!*

Alifika alasiri, ametota, ana matope mpaka kwenye nyusi. Watoto wakakimbilia ndani. Lugendo akamfunika mama yake. Nyamizi peke yake ndiye aliyebaki nje, katikati ya jiwe, amekaa.

"Umenidanganya!" akapiga kelele Nyani. "Kule ni kweusi! Asubuhi nimeona kwa macho yangu hapa panawaka!"

"Ni kweli, Mzee. Asubuhi hapa palikuwa panawaka."

"Sasa kiko wapi?" Jua lilikuwa limeshavuka mgongo wa kilima, na jiwe lote limeingia kivulini.

"Kimepita. Ungekaa kule kule, Mzee, sasa hivi kingekuwa kimekukuta."

"Kingenikuta?"

"Kingekukuta umekaa. Shida yako haiko kwenye jiwe, Mzee Mabega. Iko kwenye kukaa. Hebu geuka uone."

Hayo aliyasema kwa moyo mmoja. Alikuwa amempa dawa yenyewe, bila kificho. Lakini Nyani alikuwa ameshageuka, na yaliyosikia ni masikio tu. Ng'ambo kilima kilikuwa kinawaka.

"Kukaa nitakaa nikifika!" akasema, na huyoo! Nyaka nyaka, chubwi, parakacha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi anakiona kule, anakifuata. Jioni anakiona ng'ambo, anakifuata. Akafanya njia kati ya vilima viwili, njia nyeupe, ya kukanyagwa. Kila alipopita magunia yalivuja, na mvua ziliponyesha mahindi yakaota kando ya njia, na karanga nazo zikatambaa. Watoto wa Nyamizi walichuma huko mpaka wakanenepa. Kibuyu cha asali kilivunjika kwenye jabali la kivukoni, nyuki wakaja kujichukulia chao.

Miaka ikapita juu ya lile jiwe. Bibi Kabula aliota jua masika mengi baada ya yale. Alirudia kugombana, alirudia kukoroma, alirudia kulilaumu jiwe kwa kumchoma, na siku moja ya kiangazi, akiwa ameshiba, wajukuu wamembana huku na huku, alifumba macho kama kawaida na hakuyafumbua. Walimwacha akae pale kidogo, jua limpate la mwisho. Mapacha walioa kwenye vilima vya mbali. Shija alikua, akaoa, akapata binti, na yule binti naye akajifunza kukanyaga migongo ya watu. Ndevu za Nyamizi zikawa nyeupe. Na asubuhi walipobanana juu ya jiwe, akitokea mmoja akasema, "Sogea, unanibana," Nyamizi alicheka peke yake, wengine wasijue anacheka nini.

Alasiri moja Nyani Mabega alitokea. Hakuja kwa kishindo. Alikuja polepole, mabega yameshuka, mkononi ana gunia moja tupu.

"Shikamoo, Mzee Mabega," akasema Nyamizi. "Karibu. Keti."

Miaka yote ile hakuna aliyemwambia keti. Alitaka kukataa, magoti yakakubali. Akaketi.

Jua lilikuwa linaelekea kuvuka, lakini jiwe lilikuwa bado na joto lake la mchana. Lile joto likampanda Nyani mapajani, likampanda kiunoni. Nyamizi akamwekea kole chache kiganjani. Nyani akatia moja mdomoni, akaitafuna, na kwa mara ya kwanza hakutazama mwenzake anakula nini. Binti wa Shija akaja akamchunguza, akamwona ana manyoya mengi na ni mkubwa, akajilaza kwenye paja lake, akalala palepale. Njiwa akalia kwenye mkole. Upepo ukapita, majani yakasema shaa.

Pembe moja ya mdomo wa Nyani ikasogea.

"Mama Shija," akasema taratibu, "hii ni nini?"

"Nini, Mzee?"

"Hii." Akajigusa kifuani. "Hii hapa."

Nyamizi akavuta pumzi amwambie. Lakini jua likavuka mgongo wa kilima, kivuli kikaanguka juu ya jiwe, na ng'ambo ya bonde, kuanzia juu mpaka chini, kila jabali na kila mwiba ukashika moto.

"Kile pale!" akasema Nyani.

Akakiinua kichwa cha yule mtoto kwa mikono miwili, pole pole, asimwamshe, akakilaza kwenye jiwe. Akaokota gunia lake tupu. Akashuka. Wakamsikia akiimba kwa sauti ya chini, pumzi zinamkatikia njiani:

*Kule kunawaka… huku kumefifia…*

Mtoto akaamka, akapapasa. Akakuta hakuna paja.

"Bibi, yule babu yuko wapi?"

"Ameondoka, mjukuu wangu," akasema Nyamizi, na akamsogeza karibu yake. "Atapita tena kesho."

Haya, nimewafikisha, teremkeni.

— Na funzo lake?

Funzo? Kumbe mnataka na funzo! Funzo lake ni hili: nyumbani kwenu mkiwa na raha, nuneni. Msichekecheke asubuhi, majirani wana masikio. Na ukiona kilima cha mwenzako kinang'aa, usikae kizembe, inuka, beba magunia yako yote, kimbia! Miguu itapata mazoezi. Maana mtu anayeridhika na jiwe, na jua, na bibi anayekoroma, atafika wapi huyo? Hatafika popote. Atabaki palepale, anaota jua na watu wake, ananenepa. Aibu gani hiyo!

Mimi niliwaacha wamebanana hivyo hivyo. Waliniambia, "Kaa kidogo," nikasema nina haraka, ninyi mnaningoja. Sasa nimefika, na tangu nifike najiuliza nilikuwa nawahi nini.

— Hadithi imekwisha?

Imekwisha. Aliyeipenda aende nayo, ambaye hakuipenda aniachie, nitaipasha moto.